Je, ni simu kweli zilizowamaliza watoto pumzi?

Kwenye daladala au kwenye kikao cha wazazi utasikia malalamiko yale yale: watoto wa siku hizi hawana pumzi, wakikimbia kidogo tu wanahema. Mshtakiwa naye anajulikana kabla kesi haijasomwa. Ni simu. Lakini je, pumzi ya watoto imeshuka kweli? Na kama imeshuka, ilianza kushuka lini?

Kushuka kupo, angalau katika nchi zilizopima. Kipimo kinachotumika sana ni mbio za mita 20 za kwenda na kurudi, alizobuni mtafiti Luc Léger na wenzake huko Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inachorwa mistari miwili, mita 20 kati yake, na mtoto anakimbia kutoka mstari mmoja hadi mwingine akifuata mlio wa spika. Mwendo unaanza kilomita 8.5 kwa saa, yaani mchakamchaka wa kawaida tu, kisha kila dakika unaongezwa nusu kilomita. Mwanzoni watoto wanacheka na kusukumana. Kadiri milio inavyosogeleana vicheko vinakatika, zinabaki soli zinazokwaruza ardhi wakati wa kugeuka. Anayeachwa na mlio mara mbili mfululizo anatoka.

Mwaka 2019 mtafiti Grant Tomkinson na wenzake walichapisha hesabu ya kipimo hicho kwa watoto 965,264 wa miaka 9 hadi 17, kutoka nchi 19, kati ya mwaka 1981 na 2014. Uwezo wa moyo na mapafu ulikuwa umeshuka kwa asilimia 7.3. Hapo wengi hufunga jalada. Ila ukiangalia miaka yenyewe unakuta jambo la kushangaza: karibu anguko lote lilitokea kabla ya mwaka 2000. Baada ya hapo mstari ulinyooka, haukupanda wala kushuka kwa kiasi cha maana hadi mwisho wa vipimo.

Simu ya iPhone ilitoka mwaka 2007. Anguko lilipokuwa kali, simu janja haikuwa mfukoni mwa mtoto yeyote. Sisemi kwamba kukaa na simu saa nne mfululizo hakuna madhara, wala sisemi televisheni na michezo ya video, ambayo ilikuwepo miaka hiyo, haikuchangia. Ninachosema ni kwamba mtuhumiwa tunayemtaja kila siku hakuwepo eneo la tukio.

Basi nini kilitokea? Unene unaeleza sehemu. Tomkinson alikadiria mwaka 2013 kwamba kati ya asilimia 30 na 60 ya kushuka kwa mbio ndefu kulitokana na mafuta kuongezeka mwilini, na hilo linaeleweka, kwa kuwa mwenye uzito zaidi anabeba mzigo zaidi kila anapogeuka. Kuna pia habari ya kwenda shule. Uingereza mwaka 1971, watoto 80 kati ya 100 wa miaka 7 na 8 walikwenda shule bila kusindikizwa na mtu mzima. Kufikia mwaka 1990 walibaki 9. Magari yalikuwa yamejaa barabarani na wazazi wakaogopa, na ni haki yao kuogopa. Miaka inaoana vizuri na anguko la pumzi, ingawa kuoana kwa miaka peke yake si ushahidi wa kutosha.

Lililonigusa zaidi katika hesabu ile ya 2019 ni hili: nchi ambako pengo la kipato kati ya tajiri na maskini liliongezeka, ndiko watoto walikoelekea kupoteza pumzi zaidi. Hili nalo ni uhusiano tu. Lakini mbona halitajwi kabisa kwenye vikao vyetu, wakati simu inatajwa kila sentensi?

Kutafuta wa kulaumiwa kwa udhaifu wa watoto hakukuanza leo. Wakati wa Vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, Uingereza ilishtuka kuona vijana wanaojitolea jeshini wanakataliwa kwa wingi. Meno yalikuwa yameoza, vifua vyembamba, macho hayaoni vizuri. Meja Jenerali Frederick Maurice aliandika kwamba kati ya watano wanaojitokeza, baada ya miaka miwili wanabaki wawili tu wanaofaa, na taifa zima likaamini kwamba kizazi kinadhoofika. Lawama zikagawiwa. Maurice mwenyewe aliwashutumu akina mama kwamba hawajui kulisha watoto. Wengine walitaja sigara, chai, mkate mweupe. Kabla yao, mwaka 1885, daktari James Cantlie alikuwa ameshikilia kwamba hewa ya katikati ya London imekosa ozoni, gesi iliyodhaniwa wakati huo kuleta afya.

Serikali iliunda kamati, na ripoti yake ya mwaka 1904 haikuthibitisha kwamba taifa linazidi kudhoofika. Hapakuwa na vipimo vya zamani vya kulinganisha, na waliokuwa wakijitokeza jeshini walitoka zaidi kwenye tabaka la chini kabisa. Waliopimwa walikuwa maskini, wakahesabiwa kuwa ndio taifa. Alfred Eichholz, mkaguzi wa shule aliyekuwa daktari, aliieleza kamati kwamba watoto wengi huzaliwa wakiwa na afya, na kwamba mzizi wa udhaifu wao ni chakula. Mwaka 1906 ikapitishwa sheria ya kuwapa watoto chakula shuleni, na mwaka uliofuata ukaja ukaguzi wa afya zao. Wale akina mama walikuwa wamelaumiwa kwa sufuria tupu.

Na kwetu? Zile nchi 19 zote ni za kipato cha juu au cha kati cha juu. Kenya na Tanzania hazimo, kwa hiyo takwimu ile haiwezi kubebwa na kubandikwa kwa mtoto wa Mbagala au Kakamega. Upo utafiti wa mwaka 2004 kuhusu wavulana wa Kinandi magharibi mwa Kenya: walipokimbia kwa nguvu zote, wa vijijini walitumia oksijeni mililita 55 hivi kwa kila kilo ya uzito wao kwa dakika, wa mjini 50, na kadiri kiasi hicho kinavyokuwa kikubwa ndivyo pumzi inavyokuwa nzuri. Wengi watasema hapo ndipo mji unapoonekana unavyomaliza watoto. Lakini wale ni watoto tofauti waliopimwa kipindi kimoja. Kipimo hicho kinaonyesha tofauti ya maisha ya kijijini na ya mjini, hakionyeshi mabadiliko ya miaka. Ili tujue kama pumzi ya watoto wetu inashuka, inabidi kipimo kile kile kirudiwe katika shule zile zile, mwaka hadi mwaka, na pembeni ya matokeo iandikwe pia nani alikunywa uji asubuhi, nani anatembea kwenda shule, na shule ipi bado ina uwanja.