Je, wajua kwa nini The Black Cauldron ilidoda? Si kwa kutisha tu

Katuni hii ya Disney ilitoka Julai 1985. Iligharimu dola milioni 44 hivi, ikaingiza kama milioni 21 katika kumbi za Marekani. Ukiuliza kilichoiponza, utajibiwa upesi: ilitisha watoto. Na kweli, Horned King, mfalme mwovu wa hadithi, ana uso wa fuvu, chungu chake cha uchawi (ndicho Black Cauldron ya jina) kinatema jeshi la mifupa, tena ndiyo katuni ya kwanza ya studio hiyo kupewa alama ya PG, yaani mzazi awe macho.

Lakini Disney ilianza kutisha watoto zamani. Katika Pinocchio (1940) wavulana watukutu wanageuka punda, wanatiwa kwenye masanduku na kuuzwa. Nani anawaokoa? Hakuna. Katika Bambi (1942) mama anapigwa risasi, basi. Filamu hizo zinatazamwa hadi leo. Mtoto hulivumilia zimwi, tena hulipenda, mradi ajue linaweza nini na haliwezi nini.

Uchawi katika hadithi ni kama bao. Anayeujua mchezo hushtuka nyumba ikiliwa, kwa sababu alikuwa akizihesabu kete. Asiyeujua huona mikono tu ikipita juu ya mashimo. Mchezo ni uleule, ila yeye hana cha kushangilia.

Sasa tazama upanga wa uchawi wa filamu hii. Taran, kijana mtunza nguruwe, anauokota kaburini ndani ya ngome, na hapohapo unaanza kukata vyuma. Kwa nini umtii yeye? Filamu haisemi. Katika vitabu vya Lloyd Alexander, ilikotolewa filamu hii, asiyestahili akijaribu kuuchomoa anaungua. Filamu ikachukua upanga, sharti ikaliacha.

Kwenye chungu, ajabu ni kwamba sharti linatajwa wazi: hakivunjiki, nguvu zake huzimwa na mtu aliye hai akijitosa ndani kwa hiari, naye hatatoka hai. Gurgi, kiumbe wa manyoya mwenye kupenda matofaa, anajitosa. Bei imelipwa. Muda si mrefu wachawi watatu wanamfufua, wao wakichukua chungu ambacho hakina nguvu tena wala hakimfai Taran kwa lolote. Ni kama mnunuzi aliyebeba mzigo wake, kisha akarudishiwa na pesa. Hakuna aliyetuambia mapema kwamba wachawi hao wana mamlaka juu ya kifo. Katika riwaya ya 1965 anayejitosa ni mwanamfalme Ellidyr. Chungu kinapasuka, naye hafufuki.

Kuna na suala la mizani ya hisia. Wachawi haohao wanaotangaza bei ya kifo wametoka sasa hivi kwenye utani wa mwimbaji aliyegeuzwa chura na kunasa kifuani mwa mmoja wao. Utani si kosa, ila masharti ya kifo yakitolewa kicheko kikiwa bado mdomoni, yanapita kama sehemu ya mzaha.

Waandishi wasibebeshwe lawama zote. Jeffrey Katzenberg, aliyeingia studioni 1984 kama mkuu wake, aliagiza dakika kama 12 zikatwe filamu ikiwa imeshachorwa, kwa hiyo baadhi ya mapengo ni ya mkasi. Tega sikio kwenye tukio la jeshi la mifupa: pana mahali muziki wenyewe unaruka.