Mende wa nyumba ya kupanga na sumu ya chupa ya soda: maswali na majibu

Kaskazi ikikolea na joto la Malindi likipanda, mende hutoka kila ufa. Na sisi wa kliniki huanza kuletewa watoto waliokunywa dawa ya mende. Maswali haya ndiyo tunayoulizwa na wapangaji wa Maweni, Barani na Kisumu Ndogo.

Mende wana ubaya gani, zaidi ya kutia kinyaa?

Hutoka chooni na kwenye mtaro, wakapita juu ya wali ulioachwa wazi, na miguuni wamebeba vijidudu vya kuharisha. Tena kinyesi chao na magamba wanayojiambua hugeuka vumbi linaloamsha pumu. Mtoto wako kifua kikimlia kila usiku, tazama nyuma ya friji kabla hujalaumu upepo wa bahari.

Kuna dawa kali yauzwa kwa chupa ya soda. Yaua kweli. Mbona mwaikataza?

Yaua, na haichagui. Mara nyingi ni dawa ya shambani au ya kupe wa ng'ombe, imemiminwa kutoka dumu. Haina jina wala kipimo, na hata anayekuuzia hajui ndani mna nini. Nyingine ukiichanganya na maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Halafu unaiweka chini ya sinki! Mtoto wa miaka miwili haulizi. Chupa ya soda kwake ni soda. Dawa halali huuzwa katika chombo chake, ikiwa na maelezo na namba ya usajili ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za wadudu nchini. Isiyo na hayo iache huko huko, hata kama jirani ameisifu.

Mtoto ameinywa. Tumpe maziwa kwanza?

Hapana. Msimpe maziwa. Wala dafu, wala mayai mabichi, wala mafuta. Hakuna hata kimoja kinachoua sumu hii, na kila mnachomnywesha kinaongeza hatari ya kutapika.

Msimtapishe pia. Dawa nyingi za namna hii zimeyeyushwa katika mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Akitapika, yanaingia mapafuni, na hapo mna maradhi mawili badala ya moja.

Mfuteni kinywa. Kama imemmwagikia, mvueni nguo na kumwosha kwa sabuni na maji mengi, nanyi mkinge mikono yenu. Akilegea, mlazeni ubavu. Kisha tuktuk, pikipiki, gari la jirani, chochote kilicho karibu, hadi hospitali. Chupa njooni nayo, hata ikiwa tupu, kwa sababu ndiyo itakayotusaidia kujua tunapambana na nini.

Tulimpa maziwa, akatulia, akalala. Si amepoa?

Hili ndilo linalotuumiza. Kutulia kwake huenda ndiko kuzidiwa. Sumu kali za shambani hufanya mate yatiririke, jasho limtoke, aharishe, mboni za macho zisinyae, misuli ichezecheze, na mwishowe kifua kijae majimaji ashindwe kuvuta pumzi. Hospitali tuna sindano ya atropini na tuna oksijeni, na vyote viwili vyataka mgonjwa afike angali anapumua.

Basi nasema tena, mama na baba: msingoje asubuhi. Msingoje baba arudi kutoka baharini. Msingoje dalili. Amekunywa, au mwashuku tu kwamba amekunywa? Njooni sasa. Hatutawagombeza mkija na mtoto mzima, tutafurahi.

Basi hao mende niwaueje?

Yule mdogo wa jikoni, wa kahawia mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, jike wake hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40. Dawa ya kupuliza haiyafikii mayai hayo. Ndiyo maana unapuliza, unashangilia, na baada ya wiki chache wamerudi na watoto.

Chambo cha jeli hufanya kazi vizuri zaidi. Tia vitone vidogo kwenye bawaba za kabati, nyuma ya friji na penye mabomba, mahali mkono wa mtoto haufiki. Usipulize dawa karibu yake, maana mende watakikwepa. Wanyime maji pia: njaa wanaivumilia kuliko kiu. Tengeneza mfereji unaovuja, kausha sinki usiku, na vyombo vya daku visilale vichafu. Makatoni ya dukani usiyarundike ndani.

Kama ni lazima upulize, funika chakula, toa watoto na mwenye pumu, fungua madirisha, na fuata muda ulioandikwa kwenye kopo.

Nyumba yangu safi, ila jirani wa chini hajali.

Mnashiriki mabomba, kwa hiyo mnashiriki mende. Mwambieni mwenye nyumba apige dawa vyumba vyote siku moja na azibe nyufa. Akiwazungusha, nendeni kwa afisa wa afya ya umma. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu nyumba iliyojaa wadudu kiasi cha kudhuru afya kuwa kero, na mwenye nyumba anaweza kuamriwa aiondoe.

Mende ameingia sikioni?

Usichokoe kwa njiti, na usipulize dawa humo (ndiyo, wapo wanaopuliza). Kama sikio halitoi usaha wala halijatoboka, tia matone ya mafuta ya kula yaliyo vuguvugu afe, kisha uje tumtoe.

Ile chupa isiyo na jina ninayo bado. Niimwage?

Usiimwage chooni, mtaroni wala karibu na kisima, na usiichome. Ikaze kifuniko, itie ndani ya ndoo yenye kufungika, uiweke juu palipofungwa kwa ufunguo, halafu umuulize afisa wa afya ya umma pa kuipeleka. Fanya leo, kabla watoto hawajarudi kutoka chuoni.