Doa la mafuta kwenye misitu ya Waterloo

Kazi yangu ni kutunza michoro ya zamani ya karatasi, na michoro ya misitu ya Waholanzi wa karne ya 17 hupita mikononi mwangu mara kwa mara. Watu huuliza kwanza ule ni msitu gani. Mimi huwaonyesha doa.

Doa lenyewe ni ukingo mwembamba wa hudhurungi unaoandama mistari mizito ya mkaa kwenye vigogo na vivuli. Kwa mchoraji Anthonie Waterloo (1609–1690) utaliona sana. Ukigeuza karatasi, baadhi ya mistari imechomoza upande wa pili, kama gazeti lililofungiwa samaki wa kukaanga.

Mtoto yeyote aliyechora ukutani kwa mkaa wa jikoni anaijua shida yake: ukipitisha kiganja, picha imehamia mkononi. Dawa ya wachoraji hao ilikuwa kulowesha kijiti cha mkaa kwenye mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta yaliushika unga usipukutike, na weusi ukakolea kama lami. Mchora misitu aliuhitaji weusi huo, maana chini ya miti mwanga huja vipandevipande. Waterloo huweka kigogo cheusi cha mafuta mbele, pembeni; nyuma yake anatumia chaki kavu na rangi nyepesi ya kijivu iliyopakwa kwa brashi. Penye jua hagusi kitu. Karatasi tupu ndiyo jua.

Deni lilikuja baadaye. Mafuta hutambaa kwenye nyuzi za karatasi, yakizeeka yanageuka manjano, kisha hudhurungi. Wapo wanaotamani doa lisafishwe. Mimi sitaki hata kusikia. Chaki kavu haiachi ukingo wa namna hiyo, kwa hiyo doa linaniambia mchoraji alibadili kijiti wapi.

Jan Lievens (1607–1674), rafiki wa mchoraji Rembrandt tangu ujana wao katika mji wa Leiden, alishika njia nyingine. Alitumia kalamu na wino wa hudhurungi, wakati mwingine juu ya karatasi ya Japani iliyoletwa na meli za Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India. Karatasi hiyo ni laini, na umanjano wake ni wa kuzaliwa. Majani ya miti ya Lievens ni mikunjo ya haraka tu, kama mtu anayejaribu kalamu.

Na msitu gani? Uholanzi misitu ilikuwa michache. Mbao ziliagizwa Norwei na nchi za Baltiki, na jikoni walichoma mboji iliyokaushwa, yaani udongo wa mimea iliyooza kwenye vinamasi. Msitu wa Haagse Bos, pembeni mwa mji wa The Hague, ulipona kwa sababu mwaka 1576 iliandikwa hati kwamba hautauzwa wala kukatwa. Aliyekaa mjini humo aliufikia kwa miguu. Nafuu kubwa hiyo kwa mwenye mkaa uliolowa: mafuta ya kitani yakikauka, kijiti kinakuwa kigumu, hakichori tena.