Santuri na Sauti ya Kidijitali: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba muziki wa kidijitali umekatwa vipande, hivyo msikilizaji hukosa kilichomo katikati, ilhali santuri huhifadhi wimbi zima. Ukweli ni kwamba CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima wimbi la sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kanuni ya hisabati iliyofafanuliwa na mwanahisabati Mmarekani Claude Shannon mwaka 1949 inaonyesha kwamba vipimo hivyo vinatosha kulirudisha wimbi lote bila pengo, mradi mitetemo yake isifikie nusu ya idadi hiyo. Sikio zima la binadamu hukomea kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde.

Wengine huamini kwamba santuri hutoa sauti ya studio bila kuguswa. Hilo si kweli hata kidogo. Kabla ya santuri kuchongwa, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, kwa kuwa besi nzito ingepanua mfereji unaopitiwa na sindano na kumaliza nafasi. Amplifaya ndiyo hurudisha uwiano baadaye. Isitoshe, LP, yaani santuri ya albamu nzima, huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika mwanzo hadi mwisho, lakini kadiri sindano inavyokaribia katikati ndivyo mzunguko unavyokuwa mfupi, mawimbi yakabanana, na sauti ya «s» katika maneno ya mwimbaji ikaanza kukwaruza.

Je, anayesema santuri yake inasikika vizuri kuliko CD ya albamu ileile anajidanganya? La hasha, mara nyingi anasikia sawasawa, ila sababu ndiyo anayoikosea. Tangu miaka ya 1990 CD nyingi zilikuzwa sauti kupita kiasi katika matayarisho ya mwisho, hata mpigo wa ngoma ukalingana na mnong'ono. Lawama hiyo ni ya watayarishaji, kwa sababu CD yenyewe ina nafasi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 96 hivi kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa, ambapo santuri ni nadra kupita 70.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni kwamba santuri ikishahamishiwa kwenye kompyuta inaweza kutupwa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alirekodi Bombay (sasa Mumbai), India, mwaka 1928, na sauti yake ilitufikia kupitia santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Faili hupotea diski inapoharibika, na pengine nakala ilichukuliwa kwa sindano isiyofaa. Santuri ikiwepo, kazi hiyo inaweza kurudiwa kwa kifaa bora zaidi.