Kipimo cha implanti ya jino: yasemwayo Nairobi na ukweli wake

“Kipimo kikikosea kidogo, mdomo utazoea.”
Implanti ni kijiti kinachopandikizwa kwenye mfupa wa taya badala ya mzizi wa jino, na kipimo ni nakala ya mdomo ambayo maabara hutumia kutengeneza meno ya kukaa juu yake. Hakuna imani inayoumiza wagonjwa kuliko hii. Jino la asili limeshikwa na nyuzi ndani ya taya, kwa hiyo likibonyezwa husogea mikromita 25 hadi 100. Implanti imegandamana na mfupa wenyewe. Husogea mikromita 3 hadi 5 tu. Daraja, yaani meno bandia yaliyoungana juu ya implanti, lisipozikalia sawasawa likakazwa kwa skrubu, mvutano hubaki humo humo. Siku hiyo mgonjwa huenda asisikie lolote, akapanda matatu akaenda zake. Baadaye skrubu inalegea au kukatika, kauri inayofunika daraja inameguka. Ikilegea tena na tena usikubali kukaziwa tu. Omba daraja likaguliwe.

“Kliniki yenye skana haikosei.”
Kwa implanti moja au mbili zilizo jirani, skana, yaani kamera inayopiga picha za mdomo, ni nzuri kweli, hasa kwa mtu anayechafukwa na roho trei yenye dawa laini ya kipimo ikiingia mdomoni. Taya zima lisilo na meno ni jambo jingine. Skana huunga picha ndogo ndogo, na kila kiungo huongeza kosa lake. Ufizi laini wenye mate nao hauipi alama za kutosha. Daktari wa Upper Hill anayechukua trei kwa kazi kama hiyo hajapitwa na wakati.

“Trei iliyotobolewa ndiyo bora siku zote.”
Hii ni trei yenye tundu juu ya kila implanti; iliyozibwa haina tundu. Implanti zikiwa tatu au chini ya hapo, tena zimesimama sambamba, tafiti nyingi hazioni tofauti kubwa kati ya hizo mbili. Zikifika nne, au zikiwa zimeinama, iliyotobolewa huwa salama zaidi. Utamwona daktari akifungua skrubu ndefu kupitia tundu la trei, ili vipande vya kipimo, vinavyofungwa juu ya implanti kwa muda, vitoke vikiwa vimenaswa ndani ya dawa ya kipimo. Madaktari wengi huviunga vipande hivyo kwanza kwa resini, aina ya plastiki. Resini hunywea inapoganda, ndiyo maana daktari makini huikata katikati kisha akaiunga upya kabla ya kupima. Dakika hizo za kungoja si uzembe, mvumilie.

“Maabara itarekebisha.”
Fundi ana sanamu ya plasta tu, na kosa la kipimo limo ndani yake. Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: je, eksirei itapigwa kuhakikisha kipande cha kipimo kimekaa hadi chini? Na fremu, yaani kiunzi cha ndani cha daraja, itajaribiwa mdomoni kabla haijapakwa kauri?