Sashe haina mnunuzi: Bukavu ianze kwa kupunguza plastiki

Umeme ukikatika Bukavu, mashariki mwa Kongo, wengi hulaumu waya, mvua au wakubwa wa umeme. Siku nyingine kisa ni taka. Bwawa la Ruzizi I, la mwishoni mwa miaka ya 1950, liko karibu na pale mto unapoanza, Ziwa Kivu linapomwaga maji yake kuelekea Tanganyika. Ziwa lote halina mlango mwingine wa kutokea. Kwa hiyo plastiki inayoelea, iwe imetoka Kadutu, Goma, Idjwi au upande wa Rwanda, inakokotwa polepole mpaka hapo. Wafanyakazi huiopoa kwa mitumbwi na mashine. Iliyozama ni shida zaidi: wapiga mbizi hulazimika kushuka kuitoa, la sivyo inaziba njia ya maji yanayozungusha mitambo.

Chupa iliyofungwa kifuniko huelea. Iliyo wazi hujaa maji na kuzama, maana plastiki ya chupa za maji ni nzito kuliko maji yenyewe. Sashe, yaani mfuko laini wa plastiki, ni nyepesi, lakini ikishashika tope hushuka nalo. Na mji wetu umejengwa kwenye miteremko. Mwezi wa Septemba mvua zikianza, yote yaliyolala kwenye mifereji tangu kiangazi hubebwa na mto Kawa, yakaingia ziwani kabla hata mtu hajatafuta ufagio.

Tukipita mitaani kuelimisha watu kuhusu taka hizi, swali ni lilelile: si mlete tu kiwanda cha kuchakata upya? Kiwanda hatukikatai. Ila tusikitegemee kwa kazi ambayo hakijaiweza popote. Mwaka wa 2019 dunia ilitoa takriban tani milioni 353 za taka ya plastiki, na kwa hesabu za OECD, shirika la uchumi la nchi zilizoendelea, ni asilimia 9 tu iliyochakatwa ikawa kitu kingine. Ndani ya hesabu hiyo mna nchi tajiri ambazo lori la taka hupita mlangoni kila wiki.

Sababu ni ya kibiashara kuliko ya kitaalamu. Anayechakata anataka mzigo safi, mwingi, wa aina moja. Chupa ya maji ni plastiki ya aina moja, kifuniko chake ni aina nyingine, sashe ni nyingine tena, na pakiti ya biskuti ni tabaka kadhaa zilizogandishwa pamoja zisizotengana. Ndiyo maana utaona watoto wanaokota chupa na bidoni zilizopasuka, sashe wanairuka. Kilo moja ya sashe ni mamia ya sashe, na kila moja ina mafuta yake, damu ya samaki yake, udongo wake. Nani atazifua? Wako vijana hapa mjini wanaotengeneza viti na vitunga kwa plastiki iliyookotwa ziwani, na kazi yao ni nzuri kweli. Lakini hata wao wanachagua.

Kinachofanya kazi tunacho tayari, tena tumekizoea hadi hatukioni. Chupa tupu ya bia ya Primus ni nadra kuiona imelala kwenye mfereji. Mwenye nganda, yaani baa, anaidai, mwenye depo anamdai yeye, na ukitaka kwenda nayo nyumbani unaacha pesa ya chupa. Inarudi kwenye kasiye, kreti la chupa, inaoshwa, inajazwa tena. Hakuna mnywaji aliyehubiriwa mazingira ili airudishe.

Basi turudi sokoni, Kadutu au Nyawera. Mama ananunua nyanya, sashe. Vitunguu, sashe ya pili. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sashe ya tatu, na juu yake nyeusi kubwa ya kubebea. Anafika nyumbani na nne au tano ambazo zilifanya kazi kwa muda wa kupanda mlima tu. Kitunga kimoja kinabeba nyanya na vitunguu bila sashe hata moja. Sambaza wabichi wanataka bakuli lenye kifuniko, na hapo ndipo wengi wanaona haya. Wanaogopa kuonekana kama wanaomba. Mwambie muuzaji tu: pima, umwage humu. Yeye naye ananunua sashe kwa pesa yake, hatakasirika. Mafuta ya mawese ya kupima nenda nayo chupa yako. Tunajua watu wananunua kidogo kidogo kwa sababu mfuko hauruhusu zaidi, na hatuwezi kuwalaumu kwa hilo. Kipimo kidogo hakilazimishi sashe.

Chakula cha moto ndicho tungeanza nacho. Maharagwe yanayotoka chunguni yakimiminwa kwenye sashe, joto na mafuta huvuta kemikali za plastiki ziingie ndani ya chakula.

Sheria ipo: amri ya serikali namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku mifuko na sashe za plastiki nchini. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda ilikataza tangu 2008, na wafanyabiashara wetu wanaovuka kila siku huacha sashe upande huu bila ubishi. Wakirudi wanazichukua tena.

Wengine wanadhani wamezimaliza sashe kwa kuwashia babula, jiko la makaa. Moshi huo una sumu, na anayeuvuta kwanza ni aliyeinama kupuliza makaa, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni. Vigunzi vya mahindi au majani makavu ya mikaratusi yanawasha vizuri.

Kuhusu maji tuwe waangalifu, maana kipindupindu hakina mzaha. Usiache maji ya chupa ili unywe ya ziwa yalivyo. Chemsha: Bukavu iko kwenye mita 1,500 hivi, na kwa urefu huo dakika moja ya kutokota kwa nguvu inatosha, ni juu ya mita 2,000 ndipo zinahitajika dakika tatu. Yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yatie kwenye bidoni, yaani dumu. Ndiyo, bidoni nayo ni plastiki, lakini inayotumika miaka haitusumbui. Ioshe kila wiki kwa sabuni na kokoto ndogo, uitikise mpaka utelezi wa ndani utoke, kisha isuuze kwa maji yaliyochemshwa.