Je, Wajua Kwa Nini Mmea wa Mtungi Hujaa Majani Lakini Hautoi Mitungi?

Mmea wa mtungi wa nchi za joto, yaani jenasi ya Nepenthes inayoota porini kuanzia Madagaska na Shelisheli hadi Borneo na Ufilipino, unaweza kuchipua majani mapana na yenye afya kwa miezi mingi bila kutoa hata mtungi mmoja. Wengi huona hiyo ni dalili ya njaa, wakaumwagia mbolea kwenye udongo, na hapo huzidisha tatizo.

Mtungi si ua, bali ni sehemu ya jani lenyewe. Ncha ya jani hurefuka ikawa kikono chembamba, na mwishoni mwake hutokea kitumba kidogo ambacho hukua, hujipinda kuelekea juu na kuvimba, kisha kifuniko chake hufunguka kikiwa tayari na majimaji ya kumeng'enya wadudu. Kwa kuwa mtungi hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua kwa kiwango kidogo kuliko jani bapa, kuujenga ni gharama, na mmea huingia gharama hiyo pale tu mwanga unapotosha huku udongo ukiwa hauna naitrojeni ya kutosha, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea na pia kwenye miili ya wadudu. Ukipata naitrojeni kwa mizizi, wadudu wa nini?

Mkuzaji mwangalifu huanza kwa kukagua ncha za majani. Kitumba kikikauka na kuwa cheusi kikingali kidogo, mara nyingi hewa ni kavu mno. Kwa spishi nyingi, unyevu hewani wa asilimia 60 au zaidi hufaa. Ikiwa majani ni marefu, laini na ya kijani kilichokolea, huku vitumba vikiwa vimedumaa, kinachokosekana ni mwanga, na hili, kwa maoni yangu, ndilo husahaulika zaidi, maana watu huufungia mmea ndani ya kioo chenye unyevu tele kisha wakauweka gizani. Mmea unaopata mwanga wa kutosha bila kuungua mara nyingi huwa na wekundu kidogo kwenye majani.

Joto hutegemea asili ya spishi. Nepenthes rajah, ya milima ya Kinabalu na Tambuyukon huko Borneo, huota kati ya mita 1500 na 2650 juu ya usawa wa bahari na huhitaji usiku wa baridi, ilhali Nepenthes ampullaria ya mabondeni hutaka joto usiku na mchana. Maji yawe ya mvua au yaliyochujwa chumvi.

Kuhamisha mmea mara kwa mara nako huukatiza kazi. Jani ambalo kitumba chake kimeshakauka halitoi mtungi tena, hivyo marekebisho yoyote hupimwa kwa majani yatakayochipua baadaye.